Helmeti ya kamera kwa miruko ya Diani: shajara ya mradi

6 Januari 2024: Lengo na mipaka

Kazi ni kuunda helmeti moja yenye kamera mbili, ya picha na ya video, kwa ajili ya miruko ya tandemu kutoka ndegeni juu ya ufuo wa Diani, pwani ya Kenya. Kwenye tandemu abiria amefungwa mbele ya mkufunzi, na wawili hao hutumia mwavuli mmoja mkubwa. Mpiga picha huruka peke yake na mwavuli wake, akiporomoka mbele yao kwa umbali wa mita 2 hadi 4. Kutoka futi 11,000 hadi mkufunzi afungue mwavuli kwenye futi 5,000 hazizidi sana sekunde 35, kwa kasi ya karibu kilomita 190 kwa saa. Kilichokosekana humo hakirudiwi, na abiria amekwisha kulipa.

Kuna sharti moja ambalo halinunuliwi. Chama cha warukaji cha Marekani, USPA, hupendekeza miruko 200 kabla ya kubeba kamera ya aina yoyote, hata ile ndogo inayotosha kiganjani. Kamera huiba macho, na macho yakiibwa kimo kinasahaulika. Aliye na miruko 80 aiunde helmeti hii, aijaribu akiwa chini, kisha aiweke kabatini mpaka siku zake zifike.

Kosa la kwanza lilikuwa la mpangilio: tulianza kununua kamera, ndipo tukatafuta pa kuifunga. Ilipasa kuanza na kichwa. Anayeiga mradi huu aanze na helmeti, afuate bamba na vishikio, kisha lenzi, na kamera iwe ya mwisho.

10 Januari: Helmeti

Tulilinganisha aina tatu zinazotumiwa sana na wapiga picha wa angani: Fuego ya Cookie kutoka Australia, 2X ya Tonfly kutoka Italia, na Flat Top Pro ya Bonehead kutoka California. Zote zina sehemu bapa juu ya kufungia bamba, na mkanda wa kidevu unaofunguka kwa mvuto mmoja. Hicho cha pili ndicho cha kulipia. Kamba ya mwavuli ikinasa kwenye kamera wakati wa kufunguka, mrukaji lazima aweze kuitupa helmeti kwa mkono mmoja, amevaa glavu, bila kutafuta bizimu. Helmeti ya pikipiki au ya baiskeli haifai hata ikifungwa kamera nzuri namna gani.

Tulichukua iliyotumika, ya juu bapa. Ilikuwa kubwa kidogo, na tulidhani sponji za ndani zingemaliza tatizo. Soma siku ya 3 Februari kabla hujafanya hivyo.

13 Januari: Kamera na mizani

Kila gramu ina bei shingoni. Mwavuli ukifunguka kistaarabu, uzito huongezeka mara 3 hadi 5 kwa sekunde chache. Ukifunguka kwa kishindo huweza kupita mara 9. Kwa hiyo tulipima kila kitu kwa mizani ya jikoni kabla ya kukifunga.

Kwa picha: Sony a6000 iliyotumika, gramu 344 pamoja na betri na kadi. Canon 200D ilifikiriwa pia, lakini ni karibu gramu 450 na kimo chake kirefu huipa kamba pa kushika. Lenzi ya kwanza ilikuwa Sony 16mm f/2.8, gramu 67 tu. Kwa video: GoPro HERO11 Black, gramu 154. Helmeti na pete ya shabaha, kidude cha kulengea kinachokaa mbele ya jicho, ni gramu 750, bamba na nyaya 120. Jumla gramu 1,435.

Hesabu ya lenzi ni rahisi na inafaa kujulikana. Kwenye kihisi cha kamera cha ukubwa huu, lenzi ya 16mm tundu lake likiwa f/8 na fokasi (umbali wa ukali wa picha) imewekwa mita 1.6, kila kitu kuanzia sentimita 80 hadi upeo wa macho kinaonekana kikali. Ndiyo maana hakuna haja ya fokasi ya otomatiki. Ikiachwa iwake, huishika anga au wingu lililo nyuma ya abiria, na hutafuta upya kila kichwa kinapotikisika.

20 Januari: Bamba, skrubu na mtihani wa kamba

Fundi wa jua kali Ukunda alikata bamba la alumini la milimita 3 kwa vipimo vyetu, na vipimo vyetu vilikuwa vibaya. Bamba lilitokeza milimita 15 nyuma ya kamera, kama rafu. Pia pembe zake zilikuwa kali.

Mtihani wa kamba hufanywa hivi. Mtu mmoja anavaa helmeti na kuketi. Mwingine anasimama nyuma akiwa na kamba ya zamani ya mwavuli ya mita 4, anaiburuta juu ya helmeti kutoka kila upande: nyuma kwenda mbele, bega kwenda bega, na kutoka chini ya sikio kwenda juu. Kamba iwe legevu. Ikivutwa sana hupita juu juu na kuficha makosa. Katika mivuto 20 ya kwanza ilinasa mara 7: mara 4 kwenye ile rafu, mara 2 kwenye kishikio cha GoPro, mara 1 kati ya lenzi na helmeti.

Marekebisho:

Bamba jipya lilikatwa dogo kuliko kitako cha kamera, pembe zikaviringishwa na kupigwa msasa hadi zikawa laini kwa kidole. Kishikio cha kawaida cha GoPro, chenye vidole na skrubu ndefu ya kukaza kwa mkono, kilitupwa; ni ndoano iliyokamilika. Badala yake tuliweka fremu fupi iliyolala kwenye helmeti, yenye bolti iliyokatwa sawa na nati. Nafasi kati ya lenzi na helmeti ilijazwa sponji ngumu isiyonyonya maji, ikafunikwa tepu ya kitambaa.

Mivuto 40 iliyofuata haikunasa hata mmoja. Mtihani urudiwe kila unapobadilisha kitu chochote, hata waya.

Bolti nayo ilitufundisha. Tundu la chini ya kamera ni la uzi wa robo inchi, na kina chake ni kama milimita 5 tu. Bolti ya milimita 12 kupitia bamba la milimita 3 na washa ya milimita 1 iligota ndani kabla ya kubana. Ikaonekana imekaza, kumbe kamera inazunguka. Urefu sahihi kwetu ni milimita 8. Bolti moja pia haizuii mzunguko peke yake, kwa hiyo tulikunja ukingo wa mbele wa bamba milimita 4 kwenda juu ili kitako cha kamera kiegemee. Gundi ya kufunga uzi iwe ile ya buluu, tone moja, mbali na plastiki. Bolti ziwe za chuma cha pua cha daraja la A4. Za kawaida hushika kutu wiki ya pili kwa chumvi ya pwani.

Mwisho wa siku tulijaribu kuitupa helmeti. Ilikataa. Mkanda wa miwani ulikuwa umepita juu ya helmeti, ukaishikilia hata baada ya kidevu kufunguka. Miwani ivaliwe chini ya helmeti, daima.

27 Januari: Swichi ya meno

Mikono ya mpiga picha ni usukani wake, kwa hiyo shata, kitufe cha kupigia picha, hubonyezwa kwa meno. Tulinunua swichi ya Conceptus yenye plagi ya milimita 2.5. Soketi ya a6000 inafanana na ya micro-USB, nasi tukakata waya wa chaji tukidhani tutauunganisha. Haiwezekani: soketi hiyo ina pini za ziada za shata ambazo waya wa chaji hauna. Nunua waya wa rimoti wa Sony wenye mwisho wa 2.5.

Kamera inatarajia ishara mbili, ile ya kubonyeza nusu na ile ya kubonyeza kabisa, ilhali swichi ina mguso mmoja tu. Ndani ya adapta tuliunganisha ncha na pete ya plagi kwa kulehemu, ili meno yakibana zote mbili ziguse waya wa ardhi kwa pamoja. Waya upite ndani ya helmeti mpaka shavuni, usitoke nje wala usishuke kifuani. Ukifungwa kwenye suti ya kurukia, helmeti haitupiki.

Jaribio la mezani lilifaulu. Baada ya dakika tano swichi ikafa, na tulipoteza saa nzima tukipima waya. Waya ulikuwa mzima: kamera ilikuwa imelala. Muda wa kulala ulikuwa dakika 1, uweke 30. Ndege hupanda kwa muda unaotosha kamera kulala mara nyingi.

3 Februari: Miruko 4 bila abiria

Mruko wa kwanza na wa pili tulibeba GoPro tu, wa tatu na wa nne kamera zote, tukimfuata mrukaji mzoefu aliyekubali kuwa shabaha.

Video ilitetemeka. Tulikuwa tumeamini kuwa uthabiti wa kielektroniki ungeisafisha, lakini programu hulainisha mwendo wa kichwa, haiwezi kufuta mtikisiko wa helmeti inayocheza juu ya kichwa. Sponji laini tulizoongeza zilikuwa zinabonyea kwa upepo. Tuliziondoa, tukaweka ngumu za milimita 6 kwenye paji na kisogo, na nyembamba mashavuni. Kipimo: ukiishika kamera na kuizungusha, ngozi ya paji la uso isogee pamoja na helmeti. Helmeti ikisogea peke yake, bado.

Pembe ya kamera ilikuwa ya juu mno: anga tele, miguu ya mrukaji imekatwa. Mtu akiporomoka kifudifudi hukunja shingo nyuma, na pembe iliyopimwa akiwa amesimama haifai. Pima ukiwa umelala kwa tumbo juu ya meza, mgongo umepinda kama angani, ukimtazama mtu aliye mita 3 mbele. Hapo ndipo pete ya shabaha ilinganishwe na kitovu cha picha. Kamera iko takriban sentimita 12 juu ya jicho. Kwa mita 3 tofauti ni ndogo, kwa mita 1 inatosha kukata kidevu cha abiria.

Picha za mruko wa nne zote zilikuwa na ukungu. Tulikuwa tumeweka fokasi mita 1.6 na kuifunga pete kwa tepu. Hili linahitaji maelezo, maana watu wengi watalirudia. Pete ya lenzi hiyo haina meno ya kusukuma vioo. Hutuma ishara tu, na injini ndogo ndani ndiyo inayosogeza. Kamera ikizimwa, au ikilala, mahali pa fokasi panaweza kubadilika pete ikiwa imetulia chini ya tepu yake. Tepu ilishika kitu kisichoshikika.

10 Februari: Lenzi ya pili

Tuliiuza 16mm na kuchukua Samyang 12mm f/2 iliyotumika, ambayo pete yake husukuma vioo kweli. Ina gramu 245, hivyo helmeti ikafika 1,613. Tulisita kwa sababu ya shingo. Mwishowe tuliona gramu 178 ni afadhali kuliko picha zisizoaminika, mradi mwavuli unaotumika uwe wa kufunguka polepole. Kwenye f/8, fokasi ya sentimita 90 hufanya kila kitu kuanzia nusu mita kiwe kikali. Usiamini namba zilizochorwa kwenye pete. Kuza picha kwenye kioo cha kamera, lenga maandishi yaliyo mita 1 mbele, kisha funga tepu.

Lenzi mpya ikakataa kupiga. Haina mawasiliano ya umeme, na kamera hudhani hakuna lenzi. Kwenye menyu kuna chaguo la kuruhusu shata bila lenzi, liwashe. Tundu la lenzi sasa hupangwa kwa mkono: f/8, kisha tepu. Kamera iwe S (kasi ya shata unaichagua mwenyewe), shata 1/1000 ya sekunde, ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) otomatiki. Kwa jua la Diani ISO hukaa kati ya 200 na 320. Ongeza mwangaza kwa theluthi mbili za hatua (+0.7 kwenye kamera), la sivyo anga hufanya uso wa abiria kuwa kivuli. Kwa ngozi nyeusi hili si la hiari.

Kosa lingine la siku hiyo: RAW (faili ghafi, kubwa) pamoja na JPEG kwa picha 11 kwa sekunde. Baada ya picha zipatazo 20 kamera husimama kuandika kadi, na katika sekunde 35 hiyo ni hasara. Sasa tunatumia JPEG ya ubora wa juu, picha 6 kwa sekunde, meno yakibana kwa vipindi vifupi: mlangoni, miguu ikiachia ndege, uso, mikono ikifunguliwa, mwavuli ukipanda.

17 Februari: Ukungu, joto na taa

Futi 11,000 juu ya pwani kuna nyuzi kama 20 chini ya joto la ufuoni. Lenzi hushuka na baridi yake, na hewa nzito ya baharini huigandia kabla ya kutua, wakati hasa tandemu inapoingia. Kinachosaidia: kitambaa kikavu kwenye mfuko wa mkono wa suti, na kufuta baada ya kutua, kamwe si chini ya futi 1,000 mikono ikiwa kwenye breki. Mpiga picha hutangulia kutua, kwa hiyo muda upo. Ukungu mbaya zaidi ulitoka ofisini: helmeti iliyolala kwenye chumba cha kiyoyozi ikitolewa nje hulowa hata ndani ya lenzi. Ikae kivulini penye hewa ya kawaida.

Kamera ya video ilizimika kwa joto mara mbili kwa sababu tuliiacha ikirekodi njia nzima ya kupanda. Sasa: sekunde 20 baada ya ndege kupaa, sekunde 20 katikati, kisha inawashwa mlango ukikaribia. Kamera ikirekodi taa nyekundu huwaka, kwa hiyo mkufunzi huulizwa, “Taa nyekundu?” naye huitikia akiiona. Kuuliza ni bure na hakuna kifaa kinachoshinda.

Mahojiano ya chini ya paa yalimetameta. Umeme wa Kenya ni hezi 50, nasi tulikuwa tunarekodi fremu 60. Badilisha kamera iwe hezi 50, fremu 50, 4K. Kwa megabiti 120 kwa sekunde, kila dakika hula karibu gigabaiti 0.9, mruko mmoja pamoja na mahojiano ni kama 6. Kadi ya V30 (daraja la kasi ya kuandika) ya gigabaiti 64 inatosha, lakini kila abiria apewe yake ili picha zisichanganyike.

2 Machi: Tandemu za kwanza

Miruko 6. Suti ni ya mabawa kati ya mkono na ubavu, ya kumwezesha mpiga picha kupunguza kasi. Ukiwa chini, shika vishikio vyako vyote vya dharura na cha kufungulia mwavuli, mabawa yakiwa wazi na mtu akiyapeperusha kwa nguvu. Bawa la kulia lilifunika kishikio cha nyuma. Tulilirudisha kwa fundi wa suti lipunguzwe kabla ya kuruka.

Usikae juu ya tandemu, wala chini yake. Juu kuna kimwavuli chao cha breki na hewa iliyovurugika. Chini, mwavuli wako ukifunguka kwa bahati mbaya, wao ndio watakaouingia. Mkufunzi akitoa ishara, mwache apande, pata picha yake, geuka, ondoka, kisha fungua. Wakati wa kufungua tazama upeo wa macho, shingo imenyooka, kidevu hakijainuliwa kutazama mwavuli. Gramu 1,613 mara 9 ni kilo 14 na nusu.

Hapa altimita ya sauti ya pili, yaani kipima kimo kinacholia sikioni, ilijilipa. Ya kwanza hulia futi 5,500, 4,500 na 3,500. Ya pili hulia 4,000 pekee, kwa sauti tofauti. Kifaa cha otomatiki kama CYPRES hufungua chenyewe mwavuli wa akiba kwenye futi kama 750. Hicho ni cha kuokoa, si cha kukumbusha.

Mwanga: ufuo unatazama mashariki, kwa hiyo kuanzia saa 2 hadi saa 4 asubuhi mkufunzi akielekea baharini uso wa abiria huwaka. Jioni jua huwa nyuma ya minazi na kazi hugeuka. Wakati wa kaskazi tandemu hutua ikielekea kaskazini-mashariki. Simama mbele yao, pembeni mwa njia, mwavuli uangukie nyuma yao. Kusi likiingia, kila kitu kinageuzwa. Na tazama majira ya maji kabla ya kupanga: bamvua likijaa, karibu saa 10 au 11 jioni, mchanga wa kutulia hubaki ukanda mwembamba na mpiga picha hana pa kusimama.

16 Machi: Gharama

Kwa shilingi za Kenya: helmeti 38,000, kamera ya picha 42,000, lenzi ya 12mm 28,000, kamera ya video 36,000, swichi ya meno 11,500, pete ya shabaha 9,000, bamba na ufundi 2,800, bolti, tepu na sponji 2,300, kadi 3 kwa 4,500, betri za ziada 8,000, altimita ya sauti ya pili 22,000. Jumla 204,100.

Zilizopotea: kishikio 1,800, hasara ya lenzi ya kwanza 2,500, waya wa chaji 1,200, bamba la kwanza 1,500. Hizo 7,000 ndizo anayefuata shajara hii hana haja ya kuzilipa. Suti haimo.

30 Machi: Kabla ya masika

Miruko 31 na helmeti hii, hakuna kamba iliyonasa. Baada ya kila siku ya ufuoni: kitambaa kilicholoweshwa maji baridi na kukamuliwa, kisha kikavu, mchanga utolewe kwa brashi laini, usipulizwe, kwani hewa huusukuma ndani ya pete ya lenzi. Bolti mbili za fremu ya video zimeanza kulegea na zimebadilishwa. Swichi ya meno imepasuka ganda. Ya pili imeagizwa. Mkanda wa kidevu umefunguliwa mara 20 kwa glavu zilizolowa na haukukwama. Kamera zimetolewa, betri zimeachwa nusu chaji, na vyote viko kwenye ndoo yenye mfuniko na vifuko vya kunyonya unyevu mpaka mvua zipite.